Maisha ya Msiri, Mwami wa Garenganze

Ndugu wasomaji wa gazeti letu, hasa ninyi mlio madarasani sasa, habari za Mirambo, Mkwawa na Tippu Tip mmekwisha kuzisoma mara nyingi. Mimi nimeonelea niwaletee maisha ya mtu mwingine aliyetoka katika nchi za Tabora. Watu wa kwao karibu wamemsahau, lakini ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbele hata mto Luapula na Ziwa Mweru, jina lake halijatoka midomoni mwa watu. Mtu huyo ni Msiri.

Nimekaa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia, muda wa kutosha kusikia habari zake kwa namna tatu zisizopatana. Kila mwaka tangu mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali hupiga marufuku uvuvi ili samaki wapate kuzaa, na katika miezi hiyo wavuvi hukaa barazani wakishona nyavu na kuzungumza. Mlunda akimtaja Msiri, humtaja kama mgeni aliyekaribishwa kisha akamnyang'anya mwenyeji wake. Myeke aliyevuka kutoka Kilwa ya Kongo humtaja kama baba wa taifa. Msanga naye, kama yupo, hutikisa kichwa akaomba mazungumzo mengine. Nimesoma pia yale waliyoandika Wazungu waliomwona kwa macho yao, na hao nao wana yao. Haya ninayowaandikia nimeyapima kwa pande zote, na pale nitakapotoa maoni yangu nitasema kuwa ni yangu.

Msiri alizaliwa katika nchi ya Wasumbwa, upande wa kaskazini-magharibi ya Tabora, karibu na mwaka 1830. Jina lake lilikuwa Ngelengwa, na jina jingine Mwenda, ambalo wafalme waliomfuata wamelishika mpaka leo. Msiri ni jina alilolipata ugenini. Wayeke wenyewe hulitamka Mushidi. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu mwenye cheo kidogo kwao, lakini biashara yake ilikuwa kubwa. Alikuwa akifunga safari na wapagazi wake, akizunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, akipita nchi ya Watabwa, akifika kwa Mwata Kazembe wa Walunda katika bonde la Luapula, kisha akivuka mto kwenda Katanga kununua shaba na pembe za ndovu. Shaba hiyo ilirudi Unyamwezi ikafuliwa bangili na nyuzi. Safari moja iliweza kula mwaka na zaidi.

Hilo jina la Wayeke nalo lafaa kuelezwa. Zamani halikuwa jina la kabila. Kwa Wasumbwa lilikuwa jina la chama cha wawindaji wa ndovu, watu waliofundishana dawa na mbinu za kuwinda, waliokuwa wakitoka kwao kwa vikundi kufuata ndovu po pote walipo. Waliokwenda Katanga pamoja na Kalasa na mwanawe walikuwa watu wa namna hiyo, pamoja na wafanyabiashara. Kwa hiyo kabila zima la leo limepata jina lake kwa kazi. Mwanafunzi anayedhani kwamba makabila yameumbwa tangu siku ya kwanza ya dunia na alifikiri hilo kidogo.

Ili kumfahamu Msiri yatupasa tumfahamu kwanza mwenyeji wake. Mwata Kazembe naye hakuwa mwenyeji wa asili wa Luapula. Walunda wake walitoka magharibi, katika nchi ya Mwata Yamvo, wakafika Luapula karibu na mwaka 1740, wakawakuta Washila, watu wa mitumbwi na samaki, chini ya mkuu wao Nkuba. Masimulizi yanayojulikana kwa kila mtoto wa pande hizi yasema kwamba Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, na dada huyo, Nachituti, kwa uchungu akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimpa Mwata Kazembe udongo katika kikapu na maji katika kibuyu, maana yake nchi na ziwa. Tangu hapo Walunda wakawa mabwana wa nchi, na Washila wakabaki na heshima ya kuwa wenye ziwa. Simulizi hiyo si ya kuchekesha watoto tu. Hata katika karne ya 20 watu waliishika katika kugombania nani awe na haki ya kuvua na nani atoe ushuru.

Basi karne ya 18 ilipokwisha, Mwata Kazembe alikuwa mfalme mkubwa. Mreno Lacerda alifika kwake mwaka 1798 akafia huko huko. Baada yake walifika Pedro João Baptista na Amaro José, watu weusi waliokuwa watumishi wa Wareno, wakitokea Angola, na Kazembe akawazuia kwake miaka minne hivi. Wakuu wa Mwata walikaa ng'ambo ya magharibi ya Luapula wakikusanya kodi ya chumvi na shaba. Utajiri huo wa ng'ambo ndio uliomvuta Kalasa, na baadaye mwanawe.

Msiri alivuka Luapula karibu na mwaka 1856. Walunda husema alikwenda kwanza kumwomba Mwata ruhusa, akapewa kwa masharti kwamba ni mfanyabiashara tu na atatoa heshima ya mwenye nchi. Wayeke hawakatai kwamba alipita kwa Kazembe. Wao husisitiza urafiki ambao baba yake alikuwa ameufunga zamani na wakuu wa Katanga yenyewe. Yawezekana yote mawili ni kweli.

Alipofika Katanga aliwakuta Wasanga, ambao mkuu wao mmoja, Pande, alikuwa akisumbuliwa na Waluba waliokuja kuteka watu na mali. Msiri na wenzake walikuwa na magobori machache. Masimulizi yasema kwamba Waluba hawakuwa wamezoea mlio wa bunduki, na mapigano yalikwisha upesi. Pande akafurahi akamfanya mgeni wake karibu mwana. Pande alipokufa Msiri alijitwalia madaraka, na waliokataa aliwapiga. Alifanya vivyo hivyo kwa jirani mmoja baada ya mwingine: humsaidia mnyonge, kisha hukaa. Wako waliomsifu kwa akili hiyo. Mimi naona ilikuwa akili kweli, lakini wale aliowasaidia hawakuisahau, kama tutakavyoona.

Kufikia mwaka 1867 nguvu zake zilikuwa zimekwisha kujulikana. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwezi wa Novemba mwaka huo, aliona ziwa la Mweru, akamkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amezuiwa na Kazembe kwa miaka, na akasikia habari za watu wa Garaganza waliofanya makao Katanga. Garaganza ni jina la sehemu za Unyamwezi. Nchi mpya ya Msiri ikaitwa kwa jina hilo hilo, Garenganze, kama mtu anavyoupa mji wake mpya jina la kijiji alichokulia.

Sasa Msiri aliacha kutoa heshima kwa Kazembe. Kodi ya chumvi na shaba ya ng'ambo ya magharibi haikufika tena kwa Mwata. Wajumbe wa Walunda waliokaa huko ama waliuawa ama walikimbia. Upande wa mashariki nako mambo yalikuwa mabaya, maana wafanyabiashara wa pwani nao walikuwa wamekwisha kupata nguvu. Mwaka 1867 Tippu Tip alimpiga Nsama wa Watabwa, na mwaka 1872 watu wa pwani walimwondoa Mwata Kazembe Muonga Sunkutu akauawa. Tangu hapo kiti cha Mwata kikawa cha kugombaniwa. Wayeke walimsaidia Lukwesa Mpanga, Wabemba wakamsaidia Kanyembo Ntemena, na vijiji vya bonde la Luapula vilichomwa na pande zote mbili. Kanyembo ndiye aliyeshinda mwishoni. Ukisikia leo mzee wa Kilunda akisema kwamba Wayeke walivunja nyumba iliyowapa kivuli, ana habari za miaka hiyo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1880 hivi Msiri alijenga makao yake makubwa Bunkeya, katika uwanda kando ya mto wa jina hilo. Haukuwa mji wa ukuta mmoja. Vilikuwa vijiji vingi vimetawanyika uwandani, kila kimoja na mkuu wake au mke wake mkubwa. Watu wa makabila mengi walikaa hapo: Wayeke, Wasanga, Waluba, Walamba, Walunda, na pia wageni wa biashara. Misafara ilimfikia kutoka Bagamoyo na Unguja upande wa mashariki, na kutoka Bihe na Benguela upande wa magharibi, hata akawa mtu mmoja katikati ya bara mwenye mlango wa bahari mbili. Ilikuja nguo, ushanga, magobori na baruti. Ilitoka shaba, chumvi, pembe na watu.

Hapa sina budi kusema wazi, kwa kuwa vitabu vingine vya kumsifu hupita hapa mbio. Msiri aliuza watumwa. Hakuuza wachache wala hakuuza kwa kulazimishwa. Baruti yake ililipwa kwa pembe na kwa wanadamu waliotekwa vitani, na wengi wao walipelekwa magharibi kwa wafanyabiashara wa Bihe. Kusema kwamba siku zile wote walifanya hivyo ni kweli, na tena kwa yule aliyefungwa mti shingoni si jambo la kumfariji.

Lakini mtu wa kuteka tu hawezi kushika nchi kubwa kama ile kwa miaka thelathini. Msiri alikuwa na utawala wake. Mkuu aliyetii aliachwa katika nchi yake, akatakiwa kulipa kodi kwa pembe, chumvi au shaba. Wasumbwa walikuja na vyeo vyao na desturi zao. Msiri akaitwa mwami, na wakuu aliowathibitisha aliwavika kome jeupe la baharini, alama ya utawala iliyotoka kwao. Alileta mafundi wa kufua nyuzi za shaba, kazi iliyopendwa sana Unyamwezi. Aliwaoa wanawake wengi mno, Wazungu waliandika mamia, wengi wao wakiwa binti za wakuu wa makabila yaliyo chini yake. Baadhi yao walipewa vijiji vya kutawala, wakawa macho na masikio yake. Mmoja mashuhuri alikuwa Maria de Fonseca, mwanamke wa damu ya Kireno na Kiafrika kutoka Angola, ambaye kwa ndoa yake njia ya biashara ya magharibi ilitiwa kufuli na ufunguo ukakaa kwa Msiri.

Mwezi wa Februari 1886 alifika Bunkeya Frederick Stanley Arnot, Mskoti wa madhehebu ya Plymouth Brethren, akiwa peke yake na mali kidogo sana. Msiri alimpokea vizuri akampa mahali pa kujenga. Arnot alikaa mpaka 1888, na wenzake waliomfuata, Swan, Faulknor, na baadaye Dan Crawford, waliendelea. Habari walizoandika zafaa kusomwa kwa uangalifu. Yumo mzee mwenye ndevu nyeupe, mpole wa maneno, anayewalisha wageni. Yumo pia mfalme mwenye mafuvu ya adui zake juu ya miti ya boma. Nadhani wote wawili walikuwako. Lakini nimeona jambo moja: wale waliokuja kuitaka nchi walikaza macho zaidi juu ya mafuvu.

Na waliokuja kuitaka nchi hawakukawia. Katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yalikubaliana juu ya Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Katanga ilionyeshwa katika ramani zake, lakini hakuwa na mtu huko. Cecil Rhodes naye, ambaye kampuni yake ilipata hati mwaka 1889, alikuwa amesikia habari za shaba. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alitumwa kwa upande wa Waingereza. Alipata mkataba kwa Mwata Kazembe Kanyembo Ntemena, kisha mwezi wa Novemba akafika Bunkeya. Msiri alipoeleweshwa maana ya karatasi ile alikataa, na Sharpe akaondoka mikono mitupu. Mwezi wa Aprili 1891 alifika Paul Le Marinel kwa upande wa Leopold, naye hakupata bendera isimamishwe Bunkeya. Aliacha askari wachache katika kituo cha Lofoi. Mwezi wa Oktoba akafika Delcommune, akajibiwa vivyo hivyo.

Katika mwaka huo huo wa 1891 nyumba ya Msiri ilikuwa ikiungua kutoka ndani. Wasanga, wale wale ambao bunduki zake ziliwaokoa na Waluba miaka thelathini nyuma, waliasi. Wasimuliao husema moto uliwashwa na kifo cha mwanamke mmoja wa Kisanga aliyeuawa na Myeke bila kulipiwa haki. Hata kama hicho ndicho kilichokuwa kiberiti, kuni zilikuwa zimekwisha kukauka zamani: kodi, kuteka, na dharau ya vijana wa Kiyeke waliozaliwa nchini wakijiona mabwana. Wasanga walichoma mashamba na kufunga njia. Baruti ikapungua, chakula kikaisha. Watu wakaanza kuihama Bunkeya.

Ndipo ulipofika msafara wa Stairs. Kapteni William Stairs alikuwa mtu wa Halifax, Kanada, aliyeajiriwa na watu wa Leopold. Aliondoka Bagamoyo mwezi wa Julai 1891 akiwa na Wazungu wenzake wanne, nao ni Kapteni Omer Bodson Mbelgiji, Marquis de Bonchamps Mfaransa, Daktari Joseph Moloney, na Robinson seremala, pamoja na askari na wapagazi wapatao 400. Hao 400, ndugu zangu, wengi wao walikuwa watu wa Unguja na pwani ya Mrima, wasemao Kiswahili hiki hiki ninachoandika. Walipita Tabora, karibu na nchi aliyozaliwa Msiri, wakavuka Tanganyika, wakaenda kumwondoa mwana wa Unyamwezi kwa niaba ya mfalme wa Ulaya ambaye hawakupata kumwona. Katika vitabu vyetu vya shule jambo hili halikutajwa, na mimi nalitaja kwa sababu kando ya Mweru halikusahauliwa. Huko neno mtu wa pwani lilibaki na harufu ya baruti kwa muda mrefu, hasa kwa ajili ya watu kama yule Simba aliyejitia ngome katika kisiwa cha Kilwa, ndani ya ziwa lenyewe, akifanya biashara ya watumwa.

Stairs alifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Alikuta njaa na hofu. Mazungumzo yalichukua siku chache. Msiri, aliyekuwa na umri wa miaka sitini hivi, alijaribu mbinu yake ya zamani, kuwagombanisha wageni: akaonyesha kwamba angependelea Waingereza kuliko watu wa Leopold. Hakujua kwamba Mwingereza yule aliyekuwa mbele yake alikuwa amekwisha kununuliwa na upande wa pili. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera ya Kongo, ya buluu yenye nyota ya dhahabu, bila idhini yake. Usiku Msiri akaondoka kwenda Munema, kijiji kilicho karibu.

Asubuhi ya tarehe 20 Stairs alimtuma Bodson na de Bonchamps na askari kama mia kwenda kumleta. Bodson aliingia ndani ya boma na watu wachache akamkuta Msiri na walinzi wake. Wenzake Bodson waliandika kwamba Msiri alichomoa upanga. Sioni ajabu mzee kuchomoa upanga nyumbani kwake akizungukwa na bunduki. Bodson akampiga risasi akafa pale pale. Kijana aitwaye Masuka, ambaye husemwa kuwa mwana wa Msiri, akampiga Bodson risasi ya tumbo, naye akafa usiku ule. Risasi zikalia kijijini kote. Kisha watu wa msafara wakamkata Msiri kichwa, wakakiweka juu ya mti watu wakione. Mwili walirudishiwa wenyewe wauzike.

Njaa ikawashika wote, wageni na wenyeji. Askari na wapagazi wengi wa Stairs walikufa Bunkeya kwa njaa na maradhi katika majuma yaliyofuata. Yeye Stairs aliugua homa, akachukuliwa kwa machela mpaka mlango wa Zambezi, akafa Chinde mwezi wa Juni 1892 akiwa na miaka 28. Wayeke wana masimulizi yao juu ya kichwa cha mwami: kwamba kilichukuliwa ndani ya debe, na kila aliyekibeba alikufa.

Mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, alikubali bendera, akathibitishwa kuwa mkuu wa eneo dogo sana. Jambo alilofanya baadaye ndilo lililozidi kuwachoma Wasanga. Wayeke wakawa askari wa Wabelgiji katika kuwatiisha waasi, na wale waliokuwa wamemwangusha baba walijikuta tena chini ya bunduki za mwana, safari hii zenye risasi za Ulaya. Mukanda Bantu alikufa mwaka 1910.

Watu wengine wa Bunkeya walitawanyika. Dan Crawford, waliyemwita Konga Vantu, yaani mkusanya watu, aliwachukua waliomfuata mpaka Luanza, kando ya magharibi ya Mweru, akajenga misheni akakaa huko hata alipokufa mwaka 1926. Hapo Luanza walikaa pamoja Wayeke, Wasanga, Waluba, Washila na watumwa waliofunguliwa, watu ambao miaka michache nyuma wangekutana kwa kamba na mikuki tu. Mwaka 1894 Waingereza na watu wa Leopold walikata mpaka katika Luapula na ziwa. Kisiwa cha Kilwa kikawa cha Waingereza, mji wa Kilwa wa ng'ambo ukawa wa Kongo, na nchi ya Mwata Kazembe ikapasuliwa kati. Kanyembo Ntemena, aliyewashinda Wayeke, naye mji wake ulichomwa na majeshi ya Codrington mwaka 1899. Alirudi kwa amani mwaka 1900 akiongozana na wamisheni wa Mambilima, akakaa Mwansabombwe.

Kuhusu lugha kuna jambo linalonipendeza. Walunda wa Kazembe, walioitawala Luapula, wamekuwa wasemaji wa Kibemba. Kilunda chao cha zamani kimebaki katika majina ya vyeo na nyimbo za sifa. Wayeke, walioitawala Katanga, wengi wao husema Kisanga, lugha ya watu waliowatoza kodi. Na katika soko la Kashikishi, karibu na Nchelenge, mwenye chisense zake na mnunuzi aliyevuka kutoka Kilwa hupatana bei kwa Kiswahili, lugha ya wapagazi wa Stairs.

Lakini maneno ya nani alitangulia kufika hayakwisha kwa sababu ya kupatana bei. Mwaka 1960, tarehe 11 Julai, Katanga ilijitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, aliyetoka katika jamaa ya kifalme ya Walunda. Waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa nyumba ya Msiri. Chama chao, Conakat, kilijitangaza kuwa chama cha wenyeji halisi wa Katanga, kikiwatazama watu waliotoka Kasai kuwa wageni waliokuja kula matunda ya migodi. Chama cha Waluba wa Katanga, Balubakat, chini ya Jason Sendwe, kilipinga, na vijiji vya kaskazini vikachomwa. Patrice Lumumba aliletwa Katanga akauawa tarehe 17 Januari 1961. Watu wengi walivuka Luapula wakikimbia. Mara ngapi nimefikiri juu ya hilo: mjukuu wa mfanyabiashara kutoka Usumbwa, aliyevuka mto kwa ruhusa ya mwingine mwaka 1856, anawaambia watu wengine kwamba wao ni wageni. Nasema hivi bila kumdhihaki. Miaka mia moja ni mingi, na mtu aliyezaliwa Bunkeya, baba na babu yake wamezikwa Bunkeya, atajiitaje kama si mwenyeji? Tatizo ni kwamba mtoto wa Kasai aliyezaliwa kambi ya migodi ya Likasi angeweza kuuliza lile lile.

Wanafunzi wanaosoma habari za kisiwa cha Sri Lanka watayatambua maneno haya. Huko Wasinhala na Watamili walibishana juu ya nani alitangulia na lugha ya nani iwe ya serikali. Sheria ya lugha ya mwaka 1956 ikaufanya ubishi kuwa jambo la kazi na mkate, na vita vya tangu 1983 hata 2009 vikaufanya kuwa jambo la makaburi. Katanga nayo iliona tena ugomvi wake katika 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa kwa maelfu. Munongo mwenyewe alikufa mwezi wa Mei 1992, akiwa mwami wa Wayeke. Na mwaka 2018 ilifunguliwa makazi ya wakimbizi Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge, kwa watu waliokimbia mapigano mapya ya ng'ambo. Katika msururu wao walikuwamo watu ambao babu zao walivuka maji hayo hayo mwaka 1961.

Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri. Kwa Walunda siku kubwa ni nyingine: ni Mutomboko, mwishoni mwa Julai pale Mwansabombwe, Mwata anapocheza ngoma ya ushindi mbele ya watu wake na kukumbuka safari ya wazee kutoka magharibi. Nchi ya Wasumbwa haina siku ya Msiri. Nimewauliza jamaa zangu wa huko, na wengi hawakujua kwamba mtu wao alitawala mbali hivyo. Kaburi lake liko Bunkeya. Ndani yake kuna mwili tu, kichwa hakijarudi.